Kangaga la Kisimani Kwetu

Mama Neema,

Hapa Bariadi nimeshatambua makangaga aina ishirini. Uongo, mke wangu! Hakuna hata moja; yanataka kivuli na maji, na huku ni jua na pamba tu. Mwanao kanipa vitabu viwili vya makangaga: kinene cha Kizungu nimekifanya mto, chembamba cha picha ndicho kitabu. Kinasema pindua jani, utazame vidoa vya mbegu mgongoni. Jana nikapindua majani ya pamba ya jirani. Akacheka: "Babu, unatafuta wadudu? Basi nipulizie na dawa!"

Ukurasa mmoja una kangaga la kisimani kwetu Lushoto. Nikiufungua nakuona umeinama na ndoo, nashindwa kuufunga.

Siku ulipovunja chungu cha mama yangu, nilisema nimevunja mimi. Sasa unilipe: nitumie jani moja la pale, lenye vidoa.

Baba Neema