Neno Moja Ulilotaka Nikufundishe

Mama,

Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, kile ulichonikataza kukikalia kwa sababu mguu mmoja umelegea. Bado kinayumba. Na hapa nyumbani nimebaki na kalamu nyekundu peke yake, nyingine zote zimeisha wino, kwa hivyo usione barua imekuja na rangi ya kusahihisha ukadhani nimeanza tena. Sijaanza.

Habari kwanza. Meza yako ya samaki pale ufukweni Dunga sasa ni ya Mama Pendo, jirani yako. Anakaanga samaki wa ngege pale pale, na wateja wako wanamuuliza uko wapi mpaka amechoka kueleza. Karai lako nililibeba nikalileta hapa. Nimejaribu kukaanga mara mbili, samaki wakashika chini, ngozi yote ikabaki kwenye karai. Ungecheka mpaka ushike kiuno. Kule Asembo tulikokuzika mvua imenyesha na nyasi zimeanza kuota juu yako. Kaka Ouma anasema tungoje udongo ushuke kabla ya kuweka saruji.

Lakini sikukaa hapa kukupa habari za karai. Nataka kukwambia mambo ya Awino, na nimezunguka wiki nzima nikitafuta pa kuanzia.

Unakumbuka ulivyonijia ile siku nikisahihisha vitabu vya wanafunzi? Ouma alikuwa amepiga simu kutoka Uingereza, akampa binti yake Awino simu akusalimie, na wewe ukabaki unaitikia "yes, yes" tu. Mtoto Kijaluo hajui, Kiswahili hajui, na Kiingereza chako kiliishia darasa la nne. Ulisimama mlangoni mikono inanuka samaki, ukasema, "Mwalimu, mimi sitaki Kiingereza chote. Nipe neno moja tu, lile linalofanya kazi nyingi."

Nikakupa "take". Wala sikufikiria sana. Nilikuandikia nyuma ya kalenda: take tea, take a photo, take a seat, take medicine, take a bath. Nilipokufafanulia moja moja ulicheka. Ulisema sisi chai tunakunywa, kiti tunakalia, dawa tunameza, na hawa wenzetu wanachukua tu, hata kuoga wanachukua. Nikaanza kukueleza kwa maneno ya chuoni. Ukanikatiza. Kwani sisi hatupigi simu, ukaniuliza, hatupigi picha, hatupigi pasi, hatupigi magoti? Na nani ameumia? Ukasema hiyo ni "piga" yao, ukarudi kwa samaki wako. Mama, nilikaa chuoni miaka mitatu na hakuna aliyewahi kunieleza jambo lile vizuri namna ile. Sikukwambia. Nilikuona tu mtu wa vituko.

Basi ukaichukua hiyo "take" ukaitumia kama kisu cha jikoni. Wageni wakija Dunga kutazama ziwa, unawaita: take fish, take photo, take home! Wanacheka, wananunua. Na kila Jumapili saa moja jioni, ukishaosha vyombo, simu ya Awino. Ulimwambia umetake market, umetake church, umetake ugonjwa wa goti. Yule mtoto alikuelewa kila neno. Alikujibu hivyo hivyo, ametake school, ametake cake. Mlikuwa na Kiingereza chenu wawili. Na mwisho wa kila simu ulimwambia sasa nyanya yake anataka kwenda kulala, naye anasema, "Take sleep, Dani." Dani, yaani nyanya, ndilo neno pekee la Kijaluo alilolijua. Unazima simu ukitabasamu, unaenda kulala kweli, kama mtu aliyetumwa.

Mimi nilikuwa nasikia hayo yote na meno yananiuma. Mwalimu wa Kiingereza, shule nzima inanijua, na mama yangu anatake goti.

Halafu ikaja ile Jumapili ya wageni. Nilikuwa nimemwalika mwalimu mkuu na walimu wenzangu wawili waje wale samaki wako. Simu ikalia kukiwa na watu, nawe ukaipokea bila wasiwasi, kwa spika, katikati ya sebule. Ukamwambia Awino kwamba ulipotoka kanisani, "I take rain." Mtoto akacheka kwa furaha, akarudia, Dani took rain, Dani took rain. Na mwalimu mkuu akatabasamu.

Alitabasamu tu, Mama. Mpaka leo sijui hata kama alikucheka. Huenda alikupenda. Lakini mimi uso uliniwaka. Nilikunyang'anya simu mkononi, nikamweleza mtoto kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba nyanya yake alinyeshewa na mvua akitoka kanisani. Kisha nikakugeukia mbele ya wale watu nikasema, "Mama, usiwe unasema hivyo. Wacha niwe nakusemea."

Ulipangusa mikono kwenye leso. Mikono yenyewe haikuwa na maji. Ukaingia jikoni ukatoka na samaki, ukawahudumia wageni vizuri sana, ukawauliza kama chumvi imetosha. Nikadhani yameisha.

Jumapili iliyofuata nilikupa simu, ukatikisa kichwa. "Ongea wewe, Mwalimu. Wewe ndiye unajua." Na iliyofuata vile vile. Awino aliponiuliza Dani yuko wapi, nilisema anapika. Miezi mitatu, kila Jumapili, unapika. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye hiki kigoda, hatua mbili kutoka kwangu, umekisogeza mlangoni usikie sauti yake vizuri. Akicheka, unafunika mdomo kwa mkono ili asikusikie nawe unacheka. Nilikuona. Nilikuona kila mara na nikajifanya sikuoni, kwa sababu ningekubali nimekuona ingebidi niombe msamaha, na mimi kuomba msamaha nilikuwa sijui. Nilikuwa najua Kiingereza.

Mama Pendo aliniambia kwenye matanga kwamba hata Dunga uliacha. Wageni wakija ulikuwa unawaonyesha samaki kwa kidole, umenyamaza. Alidhani ni jino linakuuma.

Kisha presha ikakuangusha pale pale kwenye meza, asubuhi, na kabla sijafika kutoka shuleni ulikuwa umeenda.

Awino alikuja na baba yake kukuzika. Ungemwona! Mrefu, ana paji la uso lako. Siku ya pili alinivuta nyuma ya hema, akaniuliza polepole kama Dani alikasirika kwa sababu yeye alicheka mvua. Alikuwa amelibeba hilo kutoka Uingereza, Mama. Mtoto wa miaka tisa. Nami nikamwambia hapana, Dani alikuwa mgonjwa tu, hakuwa na nguvu ya kuongea. Nilikusingizia ugonjwa ukiwa umelala mle ndani huwezi kunibishia.

Hapo ndipo nimekuwa nikizunguka. Kukukosea wewe, nilikukosea na umeenda nalo. Lakini yule mtoto bado yupo, na alikuwa anakua akiamini kicheko chake ndicho kilichokunyamazisha.

Jumapili iliyopita, saa moja, nilipiga. Nilimwambia yote. Kwamba Dani alikipenda kicheko chake. Kwamba aliyemnyamazisha ni mimi, nilimwonea aibu mbele ya watu. 

Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, "Kwa hiyo hakuwa anapika?"

Nikamwambia hapana.

"Alikuwa hapo?"

"Alikuwa hapa. Alikuwa anakusikiliza."

Nikasikia anapumua. Sikujitetea, Mama, ungenisifu kwa hilo moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi hata. Mwishowe akasema, "Good night, Auntie." Akakata.

Good night, Auntie. Kiingereza safi, hakina kosa. Miaka kumi na minne nimekuwa nikiwadai watoto wa watu Kiingereza kama hicho, na nilipokipata nilikaa hapa sakafuni nikalia.

Sasa sikiliza, halafu nikuache. Leo ni Jumapili tena. Nitampigia, na Jumapili ijayo nitampigia. Nimemwandalia habari zangu: kwamba nimetake karai lako na samaki wamenishinda, kwamba juzi nikitoka shuleni nilitake rain mpaka viatu vikajaa maji. Nitazisema hivyo hivyo, kwa spika, yeyote awe amekaa sebuleni. Akinisahihisha nitakubali. Akinyamaza nitangoja. Ile ya mwisho wa simu sitamwomba, ni yenu, na huenda asinipe kamwe.

Imebaki dakika chache kufika saa moja. Nimekisogeza kigoda mlangoni, pale pale ulipokuwa unakiweka.

Nisamehe, Mama. Take sleep.

Akinyi wako