Vibonge vya Kupikia Plastiki

Jumamosi, 3 Februari 2018

Leo pipa limetoa samli! Plastiki zote nilizookota kijiji kizima cha Matongo – chupa za maji, madumu yaliyopasuka, ndoo mbovu – nimezifungia ndani ya pipa. Nikakoka moto chini. Mvuke ukapita kwenye bomba, bomba likapita kwenye maji baridi, sawasawa na kwenye video ya kugeuza plastiki kuwa dizeli. Yule jamaa wa video anakinga mafuta safi. Mimi? Kitu kizito, kikagandia kwenye chupa. Rafiki yangu Machage alicheka mpaka akakaa chini. Anasema karasha lake linasaga mawe ya dhahabu kwa dizeli, siyo kwa samli. Mshenzi! Na dizeli yenyewe bei haishikiki.

Jumapili, 4 Februari

Nimeirudia video. Kumbe niliruka kichocheo! Udongo mweupe. Mvuke unapita juu yake kwanza, ndiyo mafuta yanakuwa mepesi. Sasa udongo mweupe nitoe wapi? Nikainua macho – mke wangu Awino huyo anatafuna odowa. Ule udongo wa kula wa wajawazito, mama yake anamletea kutoka Kenya. Alipoenda kuchota maji nikabeba mfuko wote.

Mafuta yametoka! Mepesi, rangi ya chai! Nimechovya utambi, ukashika moto. Nimepiga kelele peke yangu kama mwehu.

Awino akarudi. Yawa, yawa, ana mdomo huyu! Mimba ya miezi mitano, ulimi wa miezi tisa. Ati nimemwibia chakula. Chakula gani, mawe? Nimelala njaa.

Jumamosi, 10 Februari

Karasha limewaka kwa mafuta yangu! Linakohoa, linatoa moshi mweusi, lakini linasaga. Machage hacheki tena. Ananiita injinia.

Shida ni udongo. Kumwomba mama mkwe? Nitaanzia wapi? Kwa mila, hata kumtazama usoni siwezi. Machage akasema, mura, marudio si yapo? Kweli! Pale mwaloni, mchanga ukishaoshwa dhahabu, unaobaki ni laini kama unga, mweupe-mweupe, umerundikwa tu, hauna mwenyewe. Nimeleta gunia zima. Nimeukanda kwa maji, nikafinyanga vibonge ili visizibe bomba, nikavianika juu ya bati. Sasa viko kwenye ndoo nyuma ya jiko. Awino alipita, akavitazama, akatabasamu. Hasira zimekwisha, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 22 Februari

Vibonge vinapungua! Kuku hali mawe. Nimemwambia Machage wazi: unaniibia, una pipa lako la siri. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Tukashikana mashati, watu wakatuachanisha. Sitaki kumwona tena! Nimefinyanga vingine, vingi kuliko vya mwanzo.

Jumapili, 4 Machi

Niandike tu.

Machage alikuja baada ya kanisa, tupatane. Mimi na hasira zangu, lakini nilikuwa nimemkumbuka. Tukawasha pipa pamoja. Mafuta yalipojaa chupa, nikaona kitu kinang'aa chini. Matone. Ukitikisa yanakimbia, yanaungana. Zebaki! Hii hii ya kukamatia dhahabu! Machage akaruka juu. Mura, tumetajirika, mafuta na zebaki kwa moto mmoja! Tukaelewa palepale: imetoka kwenye marudio. Ilibaki humo tangu kuosha dhahabu, moto ndio umeifukuza. Tulicheka, tukakumbatiana. Tulicheka!

Nikakimbilia jikoni na chupa. Awino, angalia, vibonge vyangu vina zebaki ndani!

Akaacha kutafuna.

Tata, baba yangu! Midomo myeupe. Nusu ya kibonge iko mkononi.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Chupa ilinianguka, sijui mafuta yameenda wapi. Nesi wa zahanati alitukalisha wote wawili Januari, akasema Awino asikanyage tena mwaloni, zebaki inamfikia mtoto tumboni, inaharibu ubongo wake. Mimi mwenyewe nikamtoa kule, kwa ukali, mbele ya watu. Halafu mimi mwenyewe nikamletea hapa, kwa gunia!

Nilimtoa udongo mdomoni kwa vidole vyangu. Nikampa maji asukutue. Akasukutua, akatema, akasukutua tena. Yule mwenye mdomo – hata neno moja! Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 5 Machi

Niko kwenye benchi la zahanati. Tumekuja na bodaboda, Awino katikati, nimemshika kiuno njia nzima. Mtoto alicheza. Nilimsikia kwa kiganja. Sijui kucheza huko ni kuzuri au ni kubaya, na niliogopa kuuliza.

Nesi ni yule yule. Kasema hapa hawana kipimo cha zebaki, atatuandikia twende Mwanza. Akauliza amekula kwa muda gani. Awino akasema tangu vilipokauka mara ya kwanza. Kila siku? Kila siku. Akauliza na ule moshi wa pipa, naye alikuwa anauvuta? Nikasema jiko liko karibu. Akaandika.

Halafu akamuuliza: wewe mama, nani alikupa udongo huo?

Nilitaka kujibu mimi. Mke wangu akaniwahi.

Awino alisema polepole, bila hasira, afadhali angekuwa na hasira. Hakuna aliyenipa, dada. Huyu alichukua wa kwangu wote tukagombana. Siku chache baadaye nikamwona amechuchumaa anafinyanga. Nikajua ananitengenezea mwingine.

Nesi akaacha kuandika. Akaniangalia. Nikaangalia sakafu.

Sasa wamefunga mlango, anamsikiliza mtoto. Mimi nimeambiwa nikae nje.

Simu ya Awino iko kwangu, inaita. Mama mkwe. Hii ni mara ya tatu. Nipokee niseme nini? Shikamoo mama – halafu?