Mama Amezima

Msimbati,
2 Februari 1969

Kwako Kaka Eusebio,

Tumsifu Yesu Kristu. U hali gani huko Tanga? Sisi huku tunaendelea, ila Mama miguu inamvimba tena, na akipanda kile kijiinuko cha zahanati anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Anakusalimu sana, na anauliza ile Krismasi uliyosema utakuja ilikuwa ya mwaka gani. Mimi sijamjibu. Mjibu mwenyewe.

Baada ya salamu, mtambo wa redio aliotuachia Bruda wa misheni unaumwa. Tangu Jumanne namwita Mikaeli kule misheni ya mjini, mimi namsikia yeye lakini yeye hanisikii kabisa. Nimefungua mlango wa nyuma kama ulivyonifundisha, nikaziangalia taa zote tatu kwa majina uliyozipa. Bibi anawaka vizuri. Shangazi anawaka, lakini sindano ya mita yake imelala. Anayenitisha ni Mama. Ile sahani iliyo ndani ya kioo chake inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na mimi nazima haraka kabla haijayeyuka. Nilipiga kelele kuwa Mama anachemka, naye Mama mwenyewe alikuwa amekaa nje anachambua mpunga. Akajibu kuwa hachemki, ana njaa.

Wewe unacheka, Kaka, lakini masika hayako mbali. Barabara ya Madimba ikikatika, hatuna njia nyingine ya kumwita daktari. Mwaka jana mke wa Josephu angekufa na mtoto tumboni kama sanduku hili lisingesema. Niandikie upesi nifanye nini.

Mdogo wako,
Madalena


Tanga,
17 Februari 1969

Mdogo wangu Madalena,

Barua yako nimeipata na nimeifurahia. Mimi ni mzima, ila kazi ndiyo inanimaliza, maana meli zinaingia na redio zilizoliwa na chumvi kuliko hiyo yenu. Mwambie Mama Krismasi ni hii inayokuja. Mkuu wa karakana ameshanikubalia likizo.

Sasa nisikilize. Wewe una tabia ya kukimbilia kinachopiga kelele. Mama anachemka, basi macho yote kwa Mama. Mara ngapi nimekuambia, kabla hujatafuta kilichokufa, tazama kwanza kinachofanya kazi, ukifuate mpaka pale kinapokatika? Bibi analisha wote, na umesema yu mzima. Shangazi ndiye anayeanzisha neno, Mama analipokea na kulipaza. Shangazi akinyamaza, Mama hana cha kupaza, anabaki kuungua bure. Kwa hiyo mgonjwa yuko kwa Shangazi. Pembeni yake kuna kidude cheusi chenye miguu miwili, Bruda alikuwa akikiita kristali. Kichomoe, sugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, safisha matundu yake kwa spiriti ya zahanati, kisha kirudishe.

Na kabla hujaingiza mkono wako mle, zima jenereta, hesabu mpaka mia, halafu chukua ile fimbo yenye waya wa ardhini umpige Mama kichwani mara mbili. Umeme hujificha mle hata kama kila kitu kimezimwa, na utakutupa ukutani. Usimhurumie, mpige.

Nikiandika hivi nacheka peke yangu. Niliwapa majina ya nyumbani kwa kuwa namba zao za Kizungu zilikushinda, na ile taa kubwa nikaiita Mama kwa sababu sauti yake inavuka Ruvuma, kama alivyokuwa akituita yeye tulipokuwa ng'ambo. Msalimu sana.

Kaka yako,
Eusebio


Msimbati,
9 Machi 1969

Kaka Eusebio,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi hatujambo, ila si wote.

Ilikuwa kristali kama ulivyosema. Miguu yake ilikuwa ya kijani kwa kutu. Nimesugua, nimerudisha, na Mikaeli kanisikia mara ya kwanza nilipoita, akasema nimefufuka. Barua yako nilimsomea Mama yote. Nilipofika pale pa kumpiga Mama kichwani alicheka mpaka akakohoa, akasema nikuambie kwamba yeye alikulea bila kukupiga kichwani hata siku moja, sasa ndiyo shukrani yako hiyo.

Kicheko chenyewe kilimchosha. Anasema akilala chini anazama, kwa hiyo analala ameketi, ameegemea ukuta. Daktari alipopita aliweka sikio kifuani pake akasema ni moyo. Alinipa vidonge na hakunipa maneno mengi.

Mama wa sandukuni naye, tangu achemke siku zile, nikizungumza naona mwanga wa zambarau ndani ya kioo chake. Sauti inafika bado. Sijui ni kitu au si kitu.

Lakini Kaka, usingoje Krismasi. Ungekuja kabla ya mvua. Sikuandikii hivi kukutisha.

Mdogo wako,
Madalena


Tanga,
15 Aprili 1969

Madalena mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nisamehe sikujibu barua ya Machi, kazi zilinisonga. Telegramu yako nimeletewa jana mchana nikiwa mezani pangu: MAMA AMEZIMA FANYA HARAKA. MADALENA KUPITIA MIKAELI.

Na haraka nimefanya, wewe mwenyewe utakiri. Ile zambarau uliyoniandikia ndiyo ilikuwa dalili. Hewa imeingia ndani ya kioo, na nilijua hatayamaliza masika. Jana hiyohiyo niliomba ruhusa nikaizunguka Tanga yote kutafuta taa kama yake. Kwa Wahindi hakuna, bandarini hakuna. Nimekuja kuipata kwa fundi mmoja mstaafu wa meli, iko kabatini kwake tangu vita vya Mjerumani, haijaguswa. Nimeizungushia pamba nikaiweka ndani ya kopo la maziwa. Mwenzangu anaondoka sasa hivi kwenda Dar es Salaam, ataipandisha ndege ya Mtwara pamoja na barua hii.

Basi Mama mpya huyo. Wa zamani usimlilie, akishazima ndiyo basi. Mfukie mbali na nyumba, vioo vyake visije vikamkata mtu. Na huyu mpya usimtumikishe siku ya kwanza. Muache apate joto nusu saa, ndipo umpe kazi.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie safari hii sisemi uongo, Krismasi nipo.

Kaka yako,
Eusebio


Msimbati,
4 Mei 1969

Eusebio,

Kopo lako nimelipata. Taa haikuvunjika.

Aliyezimia ni Mama yetu, Esperanca. Jumatatu tarehe kumi na nne, saa moja asubuhi, alitoka kumwaga maji ya vyombo akaanguka mlangoni. Nilikimbilia mtambo. Mvua ilikuwa inapiga na sauti ya Mikaeli inakuja na kupotea. Nilimwomba akupelekee telegramu, nikasema amezimia, nikarudia mara tatu, amezimia, afanye haraka. Alisema amepata.

Daktari aliishia Madimba, gari halikupita. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu, maji kiunoni. Jumatano Mama alifumbua macho akauliza kama umefika. Nilimwambia uko njiani. Akasema, "Basi nitamngoja." Hakusema tena. Ijumaa jioni alifariki, na Jumamosi tulimzika nyuma ya mikorosho.

Josephu alileta kopo siku ya nne ya matanga. Muhuri unaonyesha lilishuka Mtwara Alhamisi. Watu walikuwa wamekaa, wakaniambia nisome, mtoto wake wa kiume ameandika. Na mimi nilidhani ni rambirambi, Kaka. Nilisoma kwa sauti. Nilifika pale pa kumfukia mbali na nyumba, nikaikunja barua, lakini watu walikuwa wameshasikia.

Madalena


Tanga,
1 Juni 1969

Madalena,

Sijui nianzeje. Nimelia mpaka wenzangu wamenirudisha nyumbani.

Lakini telegramu ninayo hapa, naishika. Imeandikwa AMEZIMA. Herufi moja imekosekana, Madalena, herufi moja, na mimi ndiye nimekosa kumzika mama yangu. Mikaeli masikio yake yako wapi? Na wewe, kwa nini hukusema mama yetu? Kwa nini hukusema mgonjwa? Miaka mitano tunaandikiana Mama hivi na Mama vile, ulitegemea mimi nijue ni yupi? Ungeongeza neno moja tu ningepanda hata juu ya magunia ya lori.

Watu wa huko wananionaje sasa? Waambie. Waambie jinsi ilivyokuwa, kwamba si mimi.

Eusebio


Tanga,
2 Novemba 1969
Siku ya Marehemu Wote

Mdogo wangu,

Hujanijibu miezi mitano, na sikulaumu. Nakuandikia hata kama hutasoma.

Juzi kazini mwenzangu alikuwa anahangaika na mtambo wa meli, kila kitu amekifungua, jasho linamtoka. Nikamwambia kama ninavyokuambia wewe, tazama kwanza kinachofanya kazi. Maneno yalikuwa bado mdomoni, Madalena, nikaikumbuka telegramu yako. Nilikaa sakafuni.

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile telegramu. Imepokelewa posta Mtwara tarehe kumi na nne, saa nne na nusu asubuhi. Mama alianguka saa moja. Barabara imekatika. Na chini kuna jina la Mikaeli, ambaye wewe huna njia ya kusema naye ila kwa sanduku lile. Kama taa ilikuwa imezima, telegramu ilinifikiaje? Mtambo uliokufa hauwezi kuniletea habari kwamba umekufa. Mtu asiyejua redio angeweza kukosea. Mimi ni fundi. Ilikuwa mkononi mwangu, sauti ya Mama yule wa sandukuni ikiniambia kwamba yeye yu mzima, na kwamba aliyezima ni mwingine. Ningeuliza swali moja tu ningejua. Sikuuliza, kwa sababu taa ilikuwa nyepesi kutuma kuliko mimi kuja.

Herufi haikukosa. Nilikosa mimi. Nakuomba radhi kwa barua ya Juni. Sioni tena nitaletaje uso wangu huko.

Eusebio, mtoto wa Esperanca


Msimbati,
7 Desemba 1969

Kaka Eusebio,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima.

Haya uliyoyaona Novemba mimi niliyaona siku ileile kopo lilipofika. Niliketi nalo mapajani nikawaza, huyu ameipata telegramu yangu kwa njia ya mtambo, kisha ananitumia dawa ya mtambo. Ulipoandika barua ya Juni ningeweza kukuambia. Nilikasirika sana, nikachukua kalamu, nikaiacha. Ulikuwa peke yako huko, huna hata kaburi la kukaa pembeni yake, nikaona afadhali uwe na mtu wa kumkasirikia. Lakini nisingeweza kukuandikia kwamba kosa ni langu, kwa hiyo nikanyamaza. Watu wa hapa sijawaambia kitu chochote. Wanauliza tu utakuja lini.

Mama hajatolewa sandukuni, ni yuleyule. Zambarau imezidi, ila anafika. Lakini jina hilo simwiti tena. Mikaeli alizoea kila asubuhi kuanza kwa kuniuliza, Mama hajambo? Siku moja baada ya mazishi aliuliza hivyo kwa mazoea, akakumbuka, akazima kwake. Sasa tunaiita kwa namba yake, mia nane na saba. Nimejifunza namba zote tatu, wala si ngumu kama ulivyodhani.

Taa mpya sijaigusa. Daktari aliniuliza kama tuna ya akiba, maana masika yanarudi na hii ya zamani haitayamaliza. Nikamwambia ipo, na fundi wa kuja kuifunga yuko njiani.

Ndivyo nilivyomwambia na Mama. Usinifanye mwongo mara mbili.

Mdogo wako,
Madalena