Panga Lililokuwa kwa Balozi

Mjukuu wangu Aikande,

Marahaba. Sisi wazima, na ng'ombe wa bibi yako amezaa ndama jike. Unauliza kwa nini anayeomba leseni ya bunduki aanze kwa majirani, wakati polisi wapo.

Enzi za Ujamaa niliomba gobore la kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi yetu kule chini. Polisi wa Moshi wakanirudisha kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kwetu mwenye ombi haendi mikono mitupu, basi bibi yako akapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Majirani wakanywa uani kwa balozi, nami nikawashinda wote.

Balozi akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Bibi yako akaweka kata chini. "Waonyeshe, mzee."

Balozi akaingia ndani, akatoka na panga langu, lile nililolilia tangu masika kwamba limeibwa.

"Nililileta mimi," bibi yako akasema. "Akilewa hulitafuta."

Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Wote walikuwa wanajua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka ule nguruwe walimaliza mahindi. Pombe niliacha, lakini hadi leo nikihitaji panga, namwomba bibi yako.

Babu yako