Sura ya Bwana Yake Yaya Zaina

Jumatatu, 4 Machi 1974
Asubuhi nzima foto za vitambulisho. Abakosti moja ya studio, koti la serikali lisilovaliwa na tai, inapita bega hadi bega. Inanuka jasho la mji mzima.
Mchana akaja yaya Zaina, dada yangu mkubwa, bado yuko kwenye matanga. Foto ya marehemu bwana yake ni moja tu, ndogo kama ukucha, imegandishwa kwenye kadi yake ya kazi. Jumamosi shemeji yake, ndugu wa marehemu, anatoka kijijini Kama kuchukua vitu vyote vya marehemu. Kadi pia.
"Unikuzie hii, ndugu yangu. Mutoto ataijulia wapi sura ya baba yake?"
Nikakubali. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 5 Machi
Apareyi yangu ya kupigia foto haioni kitu cha karibu. Ukungu mtupu. Lensi ya kazi hii iko Kinshasa, kwa wenye nacho. Nimeazima kioo cha fundi saa, kile anachobana jichoni, nikakifunga mbele kwa plasta. Plasta ikaachia. Nikafunga tena. Ikaachia tena. Nimetukana peke yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua mgongo wa apareyi, nikaweka karatasi yenye mafuta pahali pa filimu, nione sura inapotua. Ikatokea! Masharubu yote. Nikatia filimu, nikapiga.
Treni ikapita. Meza ikatetemeka. Siku nzima haipiti, ipite saa hiyo!

Ijumaa, 8 Machi
Nimesafisha filimu. Matope. Ukikosea unene wa jani tu, macho yamepotea. Dukani hakuna filimu. Mwenye duka anasema ndege ya Bukavu inakuja. Ndiyo wimbo wake.
Nina nafasi moja tu, mwisho wa filimu ya wateja. Nimemkasirikia yaya. Nimemkasirikia hata marehemu, aliyekimbia apareyi yangu miaka yote. Ni aibu, lakini ni kweli.
Nikaiweka kadi chini kwenye saruji, mlangoni penye mwanga. Nikalala kifudifudi. Nikazuia pumzi. Nikapiga.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi shemeji amekuja, amechukua kadi, amekwenda.
Foto imekauka. Mdomo umepotea, muhuri umekata paji la uso. Sikio tu limeshika, na shavu. Nilitaka kuichana. Yaya akanidaka mkono.
"Acha! Hili sikio ndiyo lake. Ona kovu hapa juu. Jogoo alimudonoa akiwa mutoto."
Nimekula naye sahani moja miaka mingi. Kovu hilo sikuliona hata siku moja.
Amekaa studio mpaka magharibi, foto mapajani. Wateja walipokuja, niliwaambia warudi Jumatatu.