Nembo ya Simu, Masaki

Jumatatu, 14 Julai
Nimefungua saa mbili kamili. Nimefagia, nimepanga magazeti. Bango jipya limefika kutoka Kibaha. Hatuitwi tena maktaba, sasa ni Kituo cha Maarifa ya Kidijitali. Nembo ni simu inayotoa mwanga. Usajili nao umehamia kwenye kishikwambi. Bwana Mkude, mkuu wetu, anakuja Ijumaa. Tawi lisilofikisha wanachama hamsini kwenye mfumo mpya hadi siku hiyo litafungwa. Ninao tisa.

Sitaki tawi letu la kijijini Masaki lifungwe. Nitarudishwa Kibaha kugonga mihuri, na vitabu hivi vitaliwa na mchwa.

Jumanne, 15 Julai
Watu kumi na wanne kabla ya adhuhuri. Nilifurahi mno. Kumbe wote wamekuja kuchaji simu. Wameona nembo. Bi Zaina, mkulima wa mihogo, kanikabidhi waya wake. "Mwanangu, mmechelewa wapi siku zote?" Nikaeleza kwamba hapa ni maktaba. Dereva mmoja wa bodaboda akasema, "Si mngechora kitabu, kaka."

Nimewarudisha wote. Bado tisa. Mjinga mimi.

Jumatano, 16 Julai
Wamerudi. Safari hii sikukataa. Nikawaambia kuchaji ni bure kwa mwanachama. Simu inataka saa nzima na zaidi, na viti vyote viko mbele ya rafu. Bi Zaina kachukua kitabu cha ufugaji wa kuku. Anasoma midomo ikicheza. Akacheka peke yake.

Thelathini na mmoja.

Alhamisi, 17 Julai
Arobaini na wanne. Wamebaki sita tu.

Ijumaa, 18 Julai
Wa hamsini kasajiliwa saa nne. Bwana Mkude kaingia muda mfupi baadaye, kakuta nyaya zimetambaa kila rafu. Uso ukamkunjika. Akauliza kwa sauti, "Hii maktaba au kibanda cha kuchaji?"

"Taratibu, baba," Bi Zaina akasema bila kuinua kichwa. "Watu wanasoma."

Bwana Mkude akakaa. Baada ya kitambo akaniuliza kwa mnong'ono kama kuna tundu la umeme limebaki. Simu yake ilikuwa inazima. Akavuta gazeti. Likamnogea, karibu achelewe swala ya Ijumaa.

Tawi linabaki. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 19 Julai
Umeme hakuna tangu alfajiri. Nilijua nitashinda peke yangu.

Saa tatu kaja Bi Zaina. Simu kaiacha nyumbani. Kafungua ukurasa wa magonjwa ya kuku, kavuta kiti karibu na dirisha.

Nimeacha kufagia, vumbi lisimfikie.