Perege wa Mgonjwa

Jumatatu, 9 Desemba 1985. Makanya.

Uji tena. Vijiko viwili, kisha akafumba mdomo. Malaria imemwacha mama mkwe wiki nzima sasa, lakini chakula hakipiti. Mkono umebaki ngozi. Nilidhani likizo hii nitalala mpaka jua liwe kali, nipelekwe Suji nione milima. Nimekuwa muuguzi. Silalamiki. Kidogo tu.

Mchana katamka neno: perege. Wa mtoni, wa kuchemsha. Ndicho kitu cha kwanza alichokitamani tangu nifike. Wifi yangu Naomi akalia kwa furaha. Kesho naenda. Mimi mtu wa Tanga, samaki hawanitishi.

Jumanne, 10 Desemba.

Lori la jasi likanishusha njiani, kwingine kote miguu. Vumbi mpaka kwenye meno. Kambi ya wavuvi mtoni ni vibanda vya nyasi na nyavu zimetundikwa. Wawili wanavua pamoja: Mzee Athumani, mtu wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki, na Eliapenda, Mpare, Msabato. Nimewatazama wakitoa samaki wavuni. Vidole vina makovu, lakini vinapita taratibu kama vya mwanamke anayemsuka mtoto nywele. Uzi wa nyavu haupatikani dukani, kwa hiyo hakuna kuuvuta kwa nguvu. Nimewapenda papo hapo.

Perege hakuna. Tangu biashara ilegezwe, pikapu zinatoka Moshi mpaka ukingoni na kuzoa wote. Alibaki kambale mmoja, mnene, hai, ndevu zinacheza. Eliapenda alikuwa ameingia porini kutafuta kuni. Mzee Athumani akanifungia kwa majani. Samaki ni samaki, nikajisemea.

Jioni. Aibu. Mama kakitazama kile kichwa chenye ndevu, akageukia ukuta. Hana magamba. Wasabato hawamli. Ningejuaje? Mwanawe Elinami, mume wangu, huko Tanga anakula kambale, anakula pweza, anakula kamba mpaka anafyonza vichwa. Hajawahi kuniambia lolote. Nina hasira naye kuliko nilivyo na huyo kambale.

"Na Elinami huko anakula hawa?" Mama aliuliza akiwa bado ameelekea ukutani. Nikasema maji yanachemka, nikatoka.

Jumatano, 11 Desemba.

Hali mbaya. Leo hata uji kaukataa, kwa sababu sufuria ni ileile. Naomi ameisugua kwa majivu, akaisugua tena. Wapi. Mama amekunywa maji tu. Macho yameingia ndani. Jirani kammaliza kambale mzima, akausifu mchuzi. Nusura nimrushie mwiko.

Naogopa. Naogopa atakufa mikononi mwangu, na ukoo mzima utasema ni yule mke wa Elinami na kambale lake.

Alhamisi, 12 Desemba.

Mtoni tena. Nikawaeleza yote. Eliapenda alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Athumani hakucheka.

"Dada, ungesema tu unampelekea nani. Yule nisingekupa."

Perege wa leo walikwisha kupakiwa kwenye pikapu. Wa kesho nao wana mwenyewe. Mchuuzi amekuja na mafungu ya uzi wa nailoni, uzi ambao hawa wawili wameutafuta mwaka mzima, na sharti lake ni apewe perege wote mpaka Ijumaa. Wavu wao una matundu ya kupitisha kichwa cha mtoto. Sikuwa na uso wa kuomba. Nikaomba hata hivyo.

Kesho jua likizama Sabato inaingia, hakuna tena kupika mpaka jioni ya Jumamosi. Sidhani mama atafika huko bila kula. Mzee Athumani akaniambia nisirudi. Ijumaa hupanda Makanya kuswali, atakuja nao. Kwao samaki wa mgonjwa hutolewa kwanza, wanaobaki ndio wa kuuzwa. Alilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Sikumwamini.

Ijumaa, 13 Desemba.

Asubuhi, kimya. Adhana ya adhuhuri, kimya. Nimesimama mlangoni mpaka Naomi akaniamuru nikae. Tumeazima chungu kisichowahi kuona samaki. Nimemtukana yule mzee moyoni, matusi ya Tanga.

Baada ya swala akaingia na kanzu yake, kikapu mkononi. Perege watatu ndani ya majani mabichi, mashavu bado mekundu. Nikauliza habari ya uzi. Mchuuzi kaondoka nao, kwa hasira. Wote wawili walikubaliana, yeye na Eliapenda, hata hawakubishana. Akanywa maji. Akakataa hela. Akaenda. Sijui watu wa namna hii wanalelewa wapi. Nimelia jikoni, nikamwambia Naomi ni moshi.

Naomi alimwacha mmoja bila kumpara, akampelekea mama. Mama akapitisha kidole kwenye magamba, akayasugua kinyume, akaagiza nyanya ziongezwe. Amekula samaki mzima na ugali, jua bado lipo nyikani.

Jumapili, 15 Desemba.

Mama yuko nje kwenye mkeka. Amenigombeza. Iweje mtu alete kitoweo, mimi nimwache aende mikono mitupu, na kikapu chake tumekaa nacho ndani? Nikasema alikataa hela. Akauliza nani kataja hela.

Ameagiza kunde zilizoletwa kutoka Suji. Anazichambua mwenyewe. Zilizotobolewa anazitupia kuku, nzima anazitia kwenye kikapu cha Mzee Athumani. Nilitaka kumsaidia, akanizuia. Kikapu kimefika nusu, na bado anaendelea.